Komeo la Nje kwenye Mlango wa Mama

"Kwani mama mkwe wako mmemfungia?"

Jirani wa ukuta mmoja aliuliza swali hilo Jumatatu, saa tisa alasiri. Alikuwa amesimama nje ya dirisha, ndoo ya maji mkononi. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa na sketi ishirini na nne za shule za kumaliza kabla ya Ijumaa, na cherehani ilikuwa inalia tangu asubuhi. Aliondoa mguu. Cherehani ikanyamaza. Hapo ndipo na yeye aliposikia.

Kiganja cha mtu kilikuwa kinapiga ubao. Pa. Pa. Pa. Kisha ikaja sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kuita. "Jamani. Nifungulieni."

Mshonaji aliacha sketi ianguke chini. Alikimbia kwenye korido hadi mlango wa chumba cha mama mkwe wake, akavuta komeo. Komeo hilo lilikuwa nje ya mlango. Alilifunga yeye mwenyewe baada ya chakula cha mchana, mama alipojilaza, ili upepo usiubamize mlango. Alijiambia atalifungua baada ya kumaliza sketi moja. Sketi moja ikawa sketi sita.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameshika ukuta. Gauni lake lilikuwa limelowa. Sakafu ililowa pia. Alitaka kwenda msalani, akaita, akapiga mlango, akaita tena. Mwili wake wa miaka sabini na minane haukuweza kusubiri.

Hakumtazama mkwewe usoni.

"Niletee maji ya kuoga," alisema.

"Mama, nisamehe. Cherehani ilikuwa..."

"Maji, mwanangu."

Mshonaji alileta maji. Alifuta sakafu, akafua gauni. Mama hakulaumu wala hakununa. Afadhali angegomba.

Sasa, komeo lilifikaje nje ya mlango wa mtu mzima? Hapo inabidi tumtaje mume wa Mshonaji.

Mume huyu alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mtaani walimwita Mwenyewe. Bomba likivuja alisema, "Niachieni, nitalifanya mwenyewe." Bati likitoboka alisema, "Fundi wa nini, nitapanda mwenyewe." Alikuwa mtu mwema, anayempenda mama yake na mkewe. Lakini vitu alivyovitengeneza yeye, nyumba nzima ilijua namna ya kuishi navyo. Bomba la jikoni lilifunguliwa kwa koleo. Dirisha la sebuleni lilifungwa kwa kijiko.

Miezi minne nyuma, kitasa cha zamani cha mlango wa mama kilikatika springi. Mwenyewe akaenda sokoni, akarudi na kitasa kipya. Kilikuwa cha kirungu, yaani cha duara, cha kushika na kuzungusha. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu.

"Kwa nini hiki?" Mshonaji aliuliza.

"Kwani hukioni kinavyong'aa?"

Mama alikuwa na ugonjwa wa viungo. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na kupinda. Aliweza kushika kikombe kwa viganja viwili. Aliweza kufungua kitabu chake cha sala. Lakini kushika kirungu kinachoteleza na kukizungusha hakuweza. Alijaribu kwa kiganja, akajaribu kwa kitambaa, akajaribu kwa mikono miwili. Kirungu kiling'aa tu.

Kama haitoshi, mlango haukujifunga. Kitasa kina ulimi wa chuma unaotoka kwenye ukingo wa mlango na kuingia kwenye tundu la fremu. Ulimi ule haukulifikia tundu. Uligonga chini yake. Mwenyewe akachukua patasi, akapanua tundu. Ulimi bado ukagonga. Akapanua tena. Baada ya Jumapili tatu tundu lilikuwa pana kama mdomo wa kikombe, na fremu ilikuwa imeliwa kama mkate na panya.

Halafu mlango ukaanza kukwaruza sakafu. Mwenyewe akaazima randa, akaranda ukingo wa chini. Wiki mbili baadaye mlango ukakwaruza tena.

"Mlango huu unakua," alisema.

"Mlango haukui, mume wangu," Mshonaji alijibu. "Kamwite fundi."

"Fundi atafanya nini nisichoweza kufanya mwenyewe?"

Kwa kuwa sasa hakuna kilichoushika mlango, upepo wa dirishani uliusukuma ukafungukia korido, ukabamiza ukuta mchana kutwa. Mwenyewe akanunua komeo. Ndani hapakuwa na mahali pa kulifunga, maana fremu ya upande wa ndani ilikuwa imekwisha kwa patasi. Akalifunga nje. Alilipigilia kwa nyundo, skrubu nne, mapigo matatu matatu. Akasimama, akapangusa mikono.

"Tatizo limekwisha," akasema.

Ndivyo komeo lilivyofika pale.

Jumanne jioni mama alikaa sebuleni, akamwomba Mshonaji ampigie simu mwanawe mkubwa, anayeishi mji wa mbali. Mshonaji akapiga, akamwekea simu mezani kwa sauti kubwa, kwa sababu mama hawezi kuishika muda mrefu.

"Njoo Jumamosi unichukue," mama alisema.

"Kuna nini, mama? Mmegombana?"

"Sijagombana na mtu. Nataka kukaa mahali ninapoweza kufungua mlango."

Mshonaji alikuwa anakunja sketi. Aliendelea kukunja, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Miaka kumi na moja walikuwa wameishi pamoja. Mama ndiye aliyemfundisha kutengeneza matundu ya vifungo. Mshonaji alipofiwa na mama yake mzazi, ni mama huyu aliyekaa naye sakafuni siku tatu bila kumwambia anyamaze. Na hapa mtaani mama alikuwa na wenzake wa sala, akina mama saba, wanaokutana kila Jumamosi asubuhi. Huko mji wa mbali angempata nani? Angekaa chumbani kutwa, amtazame mtoto wa jirani dirishani.

Alimwambia mumewe chumbani.

"Atabadili mawazo," Mwenyewe alisema. "Nitaliweka komeo juu kidogo, lisionekane sana."

Mshonaji alimtazama.

"Kesho naenda kununua kitasa," alisema. "Na wewe usiguse kitu. Hata kama kinaanguka, kiache kianguke."

*

Mtaa wa pili palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura na mkali wa maneno. Wote walimwita Mama Misumari. Alikuwa dukani pale miaka ishirini, na milango aliyowahi kuirekebisha hakuihesabu tena.

"Shikamoo, mama. Nataka kitasa cha mlango. Si cha kirungu. Cha mkono, cha kubonyeza chini."

"Marahaba. Mlango wako una unene gani?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida ni kiasi gani? Kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la kitasa ni kiasi gani? Mlango unafungukia ndani au nje? Bawaba ziko mkono wa kulia au wa kushoto?"

Mshonaji alijaribu kuonyesha kwa viganja, akaacha.

"Wewe ndiye unayeshona sare, sivyo?" Mama Misumari aliuliza. "Mtoto akiletwa kwako, unakata kitambaa kabla ya kumpima?"

"Sikati."

"Basi na mlango ni mteja. Kampime."

Mshonaji alirudi nyumbani, jasho likimtoka kwa joto na kwa aibu. Alichukua futi yake ya kushonea. Unene wa mlango ulikuwa sentimita nne. Kutoka ukingo hadi katikati ya tundu, sentimita sita. Upana wa tundu lenyewe, sentimita tano na nusu. Ukisimama kwenye korido, bawaba ziko kulia. Mlango unafungukia nje. Aliandika yote nyuma ya karatasi ya oda za sketi. Wakati anaandika, mama alimtazama kutoka kitandani.

"Unapima nini?"

"Mlango, mama."

"Mlango umeshapimwa vya kutosha na mwanangu," mama alisema, akageukia ukuta.

Mama Misumari aliisoma karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akashusha kitasa cha mkono, cha rangi ya chuma, kisicho na mapambo.

"Hiki kitaingia kwenye tundu lilelile la kirungu, huna haja ya kutoboa. Mkono wake unageuzika, unafaa kulia na kushoto. Ncha yake imepinda ndani kidogo, ili isikamate mkono wa gauni. Jaribu. Usitumie vidole. Tumia kiwiko."

Mshonaji alibonyeza kwa kiwiko. Kilishuka bila ubishi.

"Sasa niambie ukweli," Mama Misumari alisema. "Kwa nini mlango haufungi? Maana nikikuuzia kitasa kizuri ukakiweka kwenye mlango ulioanguka, utarudi hapa kunitukana."

Mshonaji alieleza yote. Patasi, randa, nyundo, komeo. Alieleza na habari ya Jumatatu, kwa sauti ya chini. Mama Misumari hakufanya mzaha tena.

"Kesho mchana nitafunga duka kwa muda wa saa moja," alisema. "Mumeo atakuwepo?"

"Alhamisi hii amepewa mapumziko."

"Awepo. Na awe na bisibisi."

*

Mwenyewe alimpokea mgeni kwa heshima, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa shuleni kwa ajili ya mwanawe.

"Mama Misumari, usingejisumbua. Mimi hizi kazi nazifanya mwenyewe."

"Nimeziona," Mama Misumari alijibu. Alikuwa anatazama fremu. "Sikuja kukufanyia. Mimi leo ni mdomo tu. Mikono ni yako."

Alionyesha komeo la nje.

"Anza na hili. Litoke sasa hivi."

"Lakini upepo..."

"Baba, humu analala mtu. Moto ukiwaka usiku, atatokaje? Akianguka, akiugua, wewe uko kwenye lori na mkeo yuko kwenye cherehani, atatokaje? Chumba anacholala mtu hakiwekwi komeo nje. Si cha mzee, si cha mtoto, si cha mgonjwa. Komeo la nje ni la banda la kuku."

Mama alikuwa amekaa kitandani, anasikiliza. Alikohoa kidogo. Mshonaji hakujua kama ni kikohozi au ni kicheko.

Mwenyewe alilitoa komeo. Hakuhitaji hata bisibisi. Skrubu zilitoka kwa kuvutwa na vidole.

"Umeona?" Mama Misumari alisema. "Hizi ulizipigilia kwa nyundo."

"Skrubu ni msumari tu, umesukwa nywele."

"Huo msuko ndio unaoshika mbao. Ukizungusha skrubu kwa bisibisi, msuko unajichimbia njia yake na kujibana humo. Ukiipiga nyundo, unararua mbao, inabaki imesimama kwenye tundu kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Sasa fungua mlango nusu. Shika chini ya kitasa, uinue."

Mwenyewe aliinua. Mlango mzima ulipanda upana wa kidole, ukashuka.

"Tazama bawaba ya juu."

Wote walitazama. Bawaba ya juu ilikuwa inacheza kama jino linalotaka kung'oka.

"Na bawaba hii nani aliifunga?"

Mkewe alijibu. "Yeye. Mwaka jana. Kwa nyundo."

"Basi ugonjwa ni huu mmoja," Mama Misumari alisema. "Bawaba ya juu imelegea, mlango umeinama. Umeinama, ulimi unagonga chini ya tundu. Umeinama, unakwaruza sakafu. Wewe ukatibu fremu, ukatibu ukingo wa chini. Mgonjwa ni bawaba, dawa unampa jirani yake."

Mshonaji alifikiria zile Jumapili za patasi na vumbi la mbao alilolipangusa hadi kwenye sufuria. Alitaka kusema jambo. Akaona aende kuleta vitabu vya zamani, kwa kuwa Mama Misumari alivihitaji vya kuweka chini ya mlango.

Walivipanga chini ya ukingo wa mlango hadi uzito wote ukakaa juu yake. Kisha Mwenyewe alifungua skrubu za bawaba ya juu peke yake. Bawaba ya katikati na ya chini hakuzigusa.

"Bawaba moja kwa wakati mmoja," Mama Misumari alimwambia. "Ukizifungua zote, mlango utakuangukia, na sisi hatutakuinua."

Matundu yalikuwa yamepanuka. Mama Misumari alitoa kichupa cha gundi ya mbao na vijiti vyembamba vikavu. Mwenyewe alipaka vijiti gundi, akavisokomeza tunduni hadi pakajaa, akavikata vilivyozidi kwa kisu.

"Sasa nifunge skrubu?"

"Sasa uende ukanywe maji."

"Halafu?"

"Halafu ulale. Gundi inataka kukauka hadi kesho. Ukifunga leo, kesho kutwa umerudi hapa na nyundo."

Mwenyewe alikaa kwenye kiti cha korido, akautazama mlango. Hakuwa amewahi kukaa na kazi nusu. Aliinuka mara mbili kuigusa gundi. Mara ya pili mama alisema kutoka kitandani, "Acha."

Akaacha.

*

Ijumaa jioni Mwenyewe alirudi kutoka kazini, akanawa mikono, akachukua bisibisi bila kuambiwa. Mama Misumari alikuwa tayari amefika. Mshonaji alikuwa amekwisha kukabidhi sketi ishirini na nne, na macho yalimuuma. Shemeji yake angefika kesho saa mbili asubuhi. Mlango ulikuwa bado umekaa juu ya vitabu.

"Toboa kwanza kitundu kidogo katikati ya kila kijiti," Mama Misumari alisema. "Kiwe chembamba kuliko skrubu. Hivyo skrubu inapata njia na mbao haipasuki. Na skrubu ya bawaba ya juu iwe ndefu kuliko zile za zamani, ifike kwenye mbao ngumu ya ndani."

Mwenyewe alitoboa. Alizungusha. Skrubu ilipofika mwisho ilikataa kuendelea, na mkono wake ukakwama kwenye bisibisi.

"Imekataa," alisema kwa mshangao.

"Haijakataa. Imeshika. Ndivyo skrubu iliyoshika inavyokuwa."

Walitoa vitabu. Mlango ulibaki ulipo. Mwenyewe aliusukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda, ukarudi, haukukwaruza kitu. Aliusukuma tena, ingawa hapakuwa na haja.

Kirungu cha dhahabu kilitolewa. Ulimi ulipovutwa nje, Mama Misumari aliugeuza mkononi, akaguna.

"Na huu uliuweka kinyume. Ona, upande mmoja umelala kama mteremko, upande wa pili umesimama wima. Mteremko ndio unaotakiwa kugusa fremu kwanza. Mlango ukifungwa, ulimi unasukumwa ndani wenyewe, halafu unachomoka kwenye tundu. Wewe uliweka upande wima. Ndiyo maana mlango ulikuwa haufungi mpaka mtu azungushe kirungu."

"Na mama hawezi kuzungusha kirungu," Mshonaji alisema.

Mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango. Alimtazama mama yake aliyekaa kitandani, akatazama vidole vyake. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kuvitazama hivyo.

"Mama, miezi minne yote hukuniambia."

"Nilikwambia mara tatu," mama alisema. "Mara zote ulikuwa unapiga nyundo."

Fremu iliyoliwa ilipigwa kipande kipya cha mbao, kikagundishwa na kufungwa skrubu. Sasa ilibaki kujua kibati cha chuma kinachopokea ulimi kikae wapi. Mwenyewe alifunga jicho moja, akaonyesha kwa kidole.

"Hapa."

"Kwa jicho?" Mama Misumari aliuliza.

Mshonaji ndiye aliyepata jibu. Alileta chaki yake ya kuchorea nguo, akaupaka ulimi mpya, uliokwisha kutiwa mlangoni, hadi ukawa mweupe, akaufunga mlango taratibu na kuufungua. Kwenye mbao mpya palikuwa na alama nyeupe, ndogo kama ukucha.

"Chimba hapo," alisema.

Mama Misumari alimtazama. "Siku ukichoka na sare, njoo dukani."

Mwenyewe alichimba kwa patasi kidogokidogo. Kila akitaka kuzidisha, mkewe alikuwa karibu na sikio lake. Kibati kikakaa. Kitasa cha mkono kikafungwa, ulimi ukiwa umeelekea inavyotakiwa. Kwa ndani kilikuwa na kitufe cha kufungia, mtu akitaka faragha.

"Akijifungia akakwama?" Mshonaji aliuliza. Tangu Jumatatu alikuwa anauliza maswali ya namna hiyo.

"Huku nje kuna tundu dogo. Unatia ncha ya bisibisi au sarafu, unazungusha, kinafunguka. Ndiyo sababu nimewapa hiki. Mtu apate siri yake, na bado aokolewe."

Mwenyewe aliufunga mlango. Ulilia mara moja, *tak*, ukatulia. Upepo ulikuja, ukaondoka.

Jua lilikuwa bado halijazama, kwa hiyo walimalizia na kabati la nguo la mama. Lile nalo lilikuwa na vifundo vidogo kama karanga, na mama alikuwa anafungua kwa kutia kisu katikati ya milango. Mshonaji alikuwa amenunua vishikio virefu vya upinde, ambavyo kiganja kizima kinapita. Mwenyewe akachukua kishikio, akakiweka kwenye mlango wa kwanza, akatafuta penseli.

Akasita. Akamgeukia Mama Misumari.

"Nipime kwanza, au vipi?"

"Pima mara moja tu, kwenye boksi."

Alikata kipande cha boksi gumu. Akatoboa matundu mawili yenye umbali uleule wa matundu ya kishikio. Kipande hicho alikiweka kwenye pembe ya kila mlango wa kabati, akatia alama, akatoboa. Tundu moja lilikuwa la kifundo cha zamani, jipya lilikuwa moja tu. Vishikio vyote vinne vikakaa sawa, hakuna kilichochungulia juu wala chini. Skrubu zilizotoka kwa ndani zilikuwa ndefu mno. Mama Misumari akamwambia azibadilishe kwa fupi, zisije zikachana nguo.

Mwenyewe alikuwa amelowa jasho. Alipomaliza alitaka kusema jambo kubwa. Mshonaji aliliona likipanda kooni.

"Usiseme umelifanya mwenyewe," alimwambia.

"Sikutaka kusema hivyo."

"Ulitaka."

Mama alikuwa bado kitandani. Hakuwa amegusa kitasa. Hakuwa amegusa kabati. Alimshukuru Mama Misumari, akamwombea baraka, akaomba kupumzika. Mshonaji alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, na usingizi haukumjia mapema. Mlango ulikuwa umepona. Hakujua kama mama naye amepona.

*

Shemeji alifika Jumamosi saa mbili kasoro. Alikuwa ameazima gari la rafiki yake, na aliingia sebuleni na funguo zikining'inia kidoleni. Walimpa chai. Alikunywa amekaa ukingoni mwa kiti.

"Mama yuko tayari?"

"Yuko chumbani," Mshonaji alisema.

"Sikutegemea mambo haya," shemeji alimwambia mdogo wake. "Mama kufungiwa kama mbuzi. Mnajua ningejisikiaje ningeambiwa na watu wa nje?"

Mwenyewe alitazama chini. "Najua, kaka."

"Kama ulishindwa mlango ungeniambia mimi."

"Ungefanya nini, kaka?"

"Ningekuja kuutengeneza mwenyewe."

Mshonaji alifumba macho. Aliyafumbua. Alimwongeza chai, ingawa kikombe hakikuwa kimeisha.

"Ngoja nikamfungulie," shemeji alisema, akainuka.

"Kaa, shemeji."

"Ana mikono mibovu, huyu mama."

"Nimesema kaa."

Hakuwa amewahi kumwambia shemeji yake hivyo. Shemeji akakaa. Wote watatu walitazama kwenye korido. Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma yake walisikia kabati likifunguka, likifungwa. Nyayo zikaja taratibu. Zikasimama.

Mwenyewe alikuwa ameshika magoti yake. Mshonaji aliomba kimoyomoyo, maneno machache yasiyo na mpangilio.

Kitasa kikashuka.

Mlango ulifunguka, mama akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea kwenye sala, kitambaa cheupe kichwani, kitabu amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Kitasa alikuwa amekibonyeza kwa kiwiko. Alipofika kwenye korido aligeuka, akausukuma mlango kwa bega. *Tak.* Kisha akabonyeza tena kwa kiwiko, akavuta, ukafunguka. Akaufunga. Akaufungua. Mara tatu, bila haraka, kama mtu anayehesabu. Mara ya mwisho akauacha umefungwa.

Akaja sebuleni.

"Mama, shikamoo," shemeji alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Salama, mama. Gari liko nje. Mizigo iko wapi, nipakie?"

"Mizigo gani?"

Shemeji alimtazama mdogo wake, akamtazama shemeji yake, akamrudia mama.

"Mama, wewe si ulinipigia simu? Nimeendesha tangu saa tisa za alfajiri. Nimeazima gari la mtu. Kama huondoki, mimi nimekuja kufanya nini?"

"Umekuja kumsalimia mama yako," mama alisema. "Umemsalimia."

Akapita katikati yao, akabonyeza kwa kiwiko kitasa cha mlango wa nje, ambacho tangu zamani kilikuwa cha mkono, akashuka ngazi moja hadi uani. Wenzake wawili walikuwa wanamsubiri kwenye geti. Shemeji alimwita. Mama hakugeuka.